Kinyota chekundu peke yake hakitoshi, andika neno

Mkuu umeuliza, fomu yako ya mtandaoni ina visanduku ishirini na kitu, karibu vyote ni vya lazima na vinne tu ndo vya hiari, sasa uweke kinyota chekundu (*) kwenye vyote vya lazima au uandike "hiari" kwenye hivyo vinne. Nakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe maana hili nimelikosea zaidi ya mara moja.

Fomu yangu ya kwanza kubwa ilikuwa ya kuomba kazi. Lebo za lazima nikazipaka nyekundu, zingine nikaziacha nyeusi, nikajua kila mtu ataelewa. Malalamiko yakaanza kuja, mtu anajaza, anabonyeza kutuma, anarudishwa, anajaza tena, anarudishwa tena. Mmoja wao alikuwa haoni tofauti ya ile nyekundu na nyeusi, kwake lebo zote zilikuwa sawa. Nilipoenda kusoma miongozo ya WCAG, ile ya kimataifa ya kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, nikakuta toka 2008 kipengele 1.4.1 kinasema rangi isiwe ndo njia pekee ya kumpa mtu taarifa.

Basi nikahamia kwenye kinyota. Maelezo kwamba nyota maana yake lazima nikayaweka chini kabisa, chini ya batani ya kutuma. Tukamwomba dada mmoja asiyeona atujaribie fomu kwa kisoma skrini chake, yaani programu inayomsomea kwa sauti kilichoko kwenye skrini, akawa anasikia "jina kamili nyota", "simu nyota", akatuuliza hizi nyota ni za nini? Kisoma skrini kinaenda kwa mpangilio, kinaanza juu kinashuka chini, kwa hiyo maelezo yangu angeyafikia akiwa ameshamaliza kujaza kila kitu. Ile siku iliniuma sana, kwa sababu yule dada alikuwa anaijua kompyuta kuliko wengi wetu pale, aliyemkwamisha ni mimi.

Toka hapo natumia neno. Kwa fomu kama yako ningeandika juu kabisa, kabla ya kisanduku cha kwanza, "Jaza sehemu zote isipokuwa zilizoandikwa hiari", halafu hiyo "hiari" ikae ndani ya lebo yenyewe ya kila kimoja kati ya vile vinne, isikae kwenye maandishi ya kijivu ndani ya kisanduku, maana yale mtu akianza kuandika tu yanapotea. Serikali ya Uingereza kwenye tovuti yao ya GOV.UK ndo wanavyofanya, wanaandika kwenye vya hiari na vinyota hawatumii kabisa. Ila kama lazima na hiari zingekuwa nusu kwa nusu ningeandika zote mbili, mtu asibaki anakisia. Na kabla ya yote hayo jiulize hivyo vinne vya kazi gani, kama hakuna anayevisoma huko ofisini vitoe.

Bosi aking'ang'ania kinyota, sawa, kiweke, ila maelezo yawe juu, na kinyota ukipe aria-hidden kwenye HTML (msimbo wa ukurasa) ili kisoma skrini kisikisome, alafu kwenye kisanduku weka required, alama ya HTML ya kisanduku cha lazima, ambayo kisoma skrini kitaitangaza chenyewe. Usidanganyike na aria-required, hiyo inatangaza tu, brauza haizuii chochote. Na hata required yenyewe mtu akiweka nafasi tupu inapita, kwa hiyo seva lazima ikague tena.

Vile vya kuchagua kimoja havina shida, required kwenye kimojawapo inatosha kwa kundi zima, neno liandike kwenye swali. Visanduku vya kutiki ndo mtego. Niliwahi kuweka required kwenye kila lugha kwenye orodha ya "unazungumza lugha gani", ikawa mtu hawezi kutuma mpaka atiki lugha zote, hata asizozijua! Pale kagua kwa JavaScript (msimbo unaofanya kazi ndani ya brauza) kwamba angalau kimoja kimetikiwa.

Kitu kingine, kwenye CSS (msimbo wa mwonekano wa ukurasa) ukitumia :invalid, yaani kila kisanduku chenye kosa, kupaka wekundu, visanduku vyote vitupu vya lazima vinawaka hata kabla mtu hajagusa chochote, inakuwa kama unamgombeza mlangoni, tumia :user-invalid, ambayo inasubiri mpaka mtu aguse kisanduku.

Sasa hiyo sehemu yako ya jina la mwajiri inayotokea mtu akijibu ameajiriwa, na unasema kuna watu wanabonyeza kutuma na hakuna kinachotokea. Nina uhakika mkubwa umeificha kwa display:none (amri ya CSS ya kuficha kitu) huku required ikiwa bado ipo. Brauza inaikagua vilevile, inaikuta tupu, inazuia fomu, alafu inashindwa kumwonyesha mtu kosa liko wapi kwa sababu kisanduku chenyewe kimefichwa. Ukikificha kiwekee na disabled, alama ya HTML inayokizima brauza isikikague, ukikionyesha iondoe, alafu jaribu tena kama mtu ambaye hajaajiriwa.