Kiwanda kidogo cha bia kimefunguliwa Ipuli: soma hapa kabla hujaenda, na kabla hujatamani cha kwako

Kuna kaka kanitumia meseji toka Kigoma, kasikia huku Tabora mtaani kwetu Ipuli pamefunguliwa sehemu wanapika bia yao wenyewe humohumo ndani na kukumiminia kwenye glasi, anauliza dada ni kweli nzuri au ni kelele tu za Instagram, na je na yeye anaweza kufungua ya kwake Kigoma mjini, aanze na shilingi ngapi. Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu, nikaona bora niliweke hapa maana hilo swali la pili mnalo wote. Msijifanye. Hakuna mtu wa umri wetu anayeingia sehemu mpya akakuta watu wamejaa asipige hesabu kichwani, meza ngapi, glasi ngapi, kwa mwezi shilingi ngapi.

Ushauri wa kwanza, na mwenye haraka aishie hapa: usiende siku ya ufunguzi. Siku ya ufunguzi kuna ofa, kuna spika kubwa, kuna mheshimiwa anakata utepe, na kila mtu anasema tamu hata aliyekuwa anakunywa soda. Nenda katikati ya wiki, siku isiyo na mpira, sehemu ikiwa imepoa ndo utaijua.

Mimi nilienda Jumanne. Nimekaa kaunta za watu miaka mingi kabla sijapata grosari yangu kwa hiyo mimi baa naijua kwa pua kabla ya mdomo, nikifika mlangoni nimeshajua choo kikoje. Hapa choo ni kisafi, nawapa hilo. Ni fremu zimevunjwa kuta zikaunganishwa, ukuta wa nyuma kioo, ukitazama unaona matangi ya chuma yanang'aa, na kaunta ina mabomba manne. Nikamuuliza kijana swali ambalo Tanzania nzima tunaulizana, ipo ya moto? Akacheka. Akasema zote zinatoka bombani zikiwa baridi, mama. Mama! Haya.

Nikaomba kuonja, wakaleta vijiglasi vinne. Ya ngano, ina ukungu kidogo, nyepesi, haina shida na mtu. Halafu IPA, ile bia chungu. Meza ya pembeni kulikuwa na mzee mmoja kaionja hiyo IPA akaisukuma kule, anasema imeharibika, anataka arudishiwe hela yake. Haijaharibika. Ule uchungu ni wa hopsi, yale maua wanayoyachemsha pamoja na maji ya kimea, na aina hii wanayaweka mengi kwa makusudi. Sisi ulimi wetu umelelewa na lager, Safari ni lager, Kilimanjaro ni lager, Serengeti ni lager, bia inayoumuka taratibu kwenye baridi na kukaa wiki nyingi mpaka inatulia. Nyingi za hivi viwanda vidogo ni ale, zinaumuka kwenye nyuzi kama 18 mpaka 22 na wiki mbili tatu zinanyweka, ladha yake inakuwa na mambo mengi. Sasa ukienda kutafuta Safari kwenye glasi ya IPA utagombana na watoto wa watu bure. Mhudumu naye angemweleza yule mzee, lakini alibaki kumtolea macho tu, hajui anachouza. Hapo ndo niliona kasoro yao kubwa kuliko zote. Stauti, ile nyeusi inayonukia kahawa, mimi ndo nimeipenda kuliko zote na sitaki ubishi.

Ya nne ni ya asali. Hii ndo imenikalisha niandike.

Mama yangu alikuwa anapika wanzuki, pombe ya asali, mtaa wa Ng'ambo hapahapa Tabora. Wanaojua wanajua, asali unaizimua na maji, unatia hamira, unafunika pipa, na joto hili la Tabora halina subira, siku chache inanyweka, ukiichelewesha inakuwa kali, ukiisahau unapata siki. Iliuzwa kwa jagi. Hiyo ndo iliyonisomesha mimi na wadogo zangu, sare, daftari, nauli, vyote vilitoka kwenye pipa. Na shuleni niliitwa mtoto wa klabuni. Kuna kikundi cha akina mama cha kukopeshana walimkataa kwa sababu ya kazi yake, na nawakumbuka mmoja mmoja. Kuna bwana mmoja, mtumishi mwenye tai, simtaji, huyo alikuwa anakuja giza likiingia anapitia uani, anakunywa chake, na mchana yeye huyohuyo ndo anaongea kwa sauti kwamba hawa akina mama wa pombe za kienyeji wanaharibu mji.

Jumanne hiyo nimemkuta. Sasa hivi mstaafu, kavaa kofia, kainua glasi ya asali anapigwa picha, anawaeleza wenzake eti hii ni asali ya miombo, asilia kabisa, krafti, yaani bia ya kiwanda kidogo. Glasi elfu saba! Jagi la mama alikuwa anakopa na kulipa mpaka akumbushwe. Akaniona, akanisalimia mwangaluka kwa furaha kabisa kama hakijawahi kutokea kitu. Nikaitikia. Sikumwambia chochote, lakini jamani nyie mnaosoma hapa mnaotaka kuwa wafanyabiashara, acheni kudharau kazi ya mtu mpaka aje mwingine aiweke kwenye glasi yenye mguu ndo muione. Mnapita kila siku kwa bibi anayepika vizuri kuliko hao, mnaziba pua. Halafu mnaniandikia mnataka fursa.

Kijana mmoja pale kaunta, wale wanaojua kila kitu, akasema bia ya kweli haina asali, Wajerumani walishapiga marufuku. Ni kweli huko Bavaria mwaka 1516 walitunga sheria bia iwe na shayiri, hopsi na maji tu, hata hamira hawakuitaja maana walikuwa hawajajua kazi yake. Nikamwambia mdogo wangu, Wajerumani hao hao walileta reli Tabora mwaka 1912 wakakuta pombe inapikwa Unyamwezi na hakuna aliyewaomba ruhusa. Kaunta nzima ikacheka, na mimi nilifurahi sana, siwafichi.

Ila niwe mkweli. Kwa mama yangu pipa la leo na la wiki ijayo yalikuwa ndugu wasiofanana. Hawa wana kipimo, wana mtambo wa kupooza matangi, glasi ya saa kumi na ya saa mbili usiku ni kitu kilekile, na hiyo ni kazi, sio maringo. Nikiwa pale umeme ukakatika, mwenye mali nikamuona anatoka mbio kuelekea jenereta kabla hata wateja hawajaguna, nikajua huyu anajua hatari iko wapi, maana hamira ikiumuka kwenye joto la Oktoba yetu linalopita nyuzi 30 unapata pombe ya kuumiza watu vichwa.

Na kwa wanaolalamika kwamba ya asali haina utamu, asali iko wapi, tumeibiwa. Hamjaibiwa. Asali ikiwa kwenye dumu haichachi kwa sababu maji yake ni machache, ukiizimua hamira inapata nafasi na inakula sukari karibu yote, kinachobaki ni harufu na ukavu fulani ulimini. Ukikuta bia ya asali tamu kama soda ujue wamesimamisha hamira mapema au wameongeza kitu mwishoni.

Basi unapimaje sehemu mpya. Nimeshasema, nenda katikati ya wiki. Tazama glasi kabla ya bia, ukiona mapovu yameng'ang'ania pembeni ya glasi kwa ndani haikuoshwa vizuri, na povu la juu likifa mara moja huenda kuna mafuta. Nusa. Ikinukia siki ujue mabomba hayasafishwi, ikinukia dawa kama plasta ya hospitali mara nyingi ni klorini ya maji haikuondolewa kabla ya kupika. Harufu hizo mbili usivumilie hata kama mwenye baa ni shemeji yako. Halafu rudi tena siku nyingine, na usiende wikendi.

Sasa wewe kaka wa Kigoma. Hela ya kuanzia sikutajii maana utaenda kukopa kesho asubuhi. Anza na maji, bia zaidi ya asilimia 90 ni maji. Huku tulikuwa tunategemea bwawa la Igombe, tangu maji ya Ziwa Victoria yafike ndo tunapumua na hata hiki kiwanda sidhani kingethubutu zamani. Wewe una Ziwa Tanganyika mlangoni, lakini maji ya bomba bado utayachuja. Kimea cha shayiri na hopsi vitatoka mbali, treni na malori utayajua. Leseni ya vileo, sheria yake ni ya mwaka 1968 na bado inauma, halafu TBS watu wa viwango, halafu ushuru wa bidhaa wa TRA, watu wa kodi, na usiniambie utaanza kimyakimya utarasimisha baadaye. Mmesahau viroba, vile vipakiti vya pombe kali? Machi 2017 vilipigwa marufuku na watu walikuwa na stoo zimejaa, kuna mama namfahamu mpaka leo hajasimama. Biashara ya pombe serikali inaweza kukuamsha asubuhi na tangazo, kwa hiyo usiweke yai lako la mwisho humo. Kama kweli unataka, nenda kaombe kazi ya kuosha matangi kwenye kiwanda cha mtu, ukaoshe mpaka mikono ichubuke, ukitoka na hamu bado, nipigie. Na machicha, yale makapi ya kimea yanayobaki baada ya kupika, usitupe, wafugaji wa nguruwe wanayanunua.

Mkija Ipuli onjeni ya asali kabla ya IPA, mkianza na ule uchungu ulimi unakufa ganzi hamtasikia kitu kingine. Chipsi zao achaneni nazo, zimelowa mafuta na wanaziuza bei kama dhahabu. Nje ya geti kuna kijana anachoma mishikaki mizuri, wanaruhusu kuingia nayo ila ombeni sahani, na ukienda Jumanne unakaa popote unapotaka.