Kabla Hujaleta Bunduki Nyumbani, Kaa na Mkeo Kwanza

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja kunitembelea hapa Isevya, Tabora mjini. Aliegesha pikipiki chini ya mwembe, akaniamkia, akala, na kabla sahani hazijaondolewa akasema kilichomleta. "Mjomba, nataka kumiliki bastola. Wewe ulishawahi kuwa na silaha, unajua pa kuanzia. Nisaidie."

Anafanya biashara ya mpunga na asali. Leo yuko Igunga, kesho Sikonge, keshokutwa Kaliua, na mara nyingi anatembea na fedha taslimu kwa sababu wakulima wengi bado wanataka noti mkononi. Hofu yake naielewa. Ila nilipomuuliza maswali mawili matatu akatoa simu, akanionyesha video za familia za Marekani: baba, mama na watoto wanalenga shabaha Jumamosi, kama sisi tunavyokwenda mpirani. Alivyokuwa anazitazama, niliona uso wake umebadilika. Nchi ile raia wake wana bunduki zipatazo 120 kwa kila watu 100, kwa makadirio ya 2018 ya Small Arms Survey, taasisi inayotafiti silaha. Wana historia yao na sheria zao, siwaingilii. Nilichokiona kwa kijana wangu ni kwamba amefunga vitu viwili kwenye furushi moja: ulinzi wa familia, na mapenzi ya chombo chenyewe. Furushi hilo nimelibeba miaka 18, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Baba yangu alilima tumbaku na mahindi Sikonge, shamba likipakana na miombo. Alikuwa na bunduki ya marisau ya mitutu miwili, yenye leseni. Ilikuwa chombo cha kazi kama jembe. Mahindi yakianza kukomaa tulikuwa tunaamia usiku kucha kwenye dungu, maana nguruwe pori wakiingia, asubuhi unakuta nusu eka imelala chini. Mara nyingi alipiga juu tu, wanyama wakakimbia.

Sisi watoto tuliamini bunduki ni ya baba. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa ilikuwa ya nyumba nzima. Ilikaa kwenye sanduku la mbao ya mninga lililofungwa kwa kufuli, na ufunguo wa kufuli hakukaa nao baba. Alikaa nao mama, kwenye pindo la khanga. Baba akitaka kwenda kuamia anamwita, mama anafungua fundo, anatoa ufunguo, na kabla hajampa anamtazama. Kama baba amekunywa, au ametoka kugombana na mtu kikaoni, ufunguo haufunguliwi fundo. Baba hakubisha hata siku moja. Mama akienda msibani siku tatu, ufunguo ulikwenda naye, na nguruwe siku hizo walifukuzwa kwa madebe.

Kulikuwa na jambo jingine. Akirudi shamba, baba haingii ndani na bunduki nzima. Anasimama kizingitini, anaikunja katikati, anatoa risasi zote mbili, anachungulia mitutu mbele ya mwanga wa koroboi, halafu anamwonyesha mama naye achungulie. Macho mawili hayatoshi, alikuwa anasema. Yanatakiwa manne.

Alifariki 1997. Hapo tulifanya kosa ambalo familia nyingi hulifanya, na naomba ulisome vizuri. Kaka yangu mkubwa alisema bunduki ni urithi, itabaki ukoo. Mimi nilisema anayebaki shambani ndiye anaihitaji. Tukabishana hadi arobaini ikapita, na muda wote huo bunduki imelala uvunguni kwa mama mjane. Hakuna aliyekumbuka kwamba leseni ni ya mtu, siyo ya bunduki. Mwenyewe akifa, silaha ile haina mmiliki halali mpaka taratibu zifuatwe, na anayelala juu yake ndiye mwenye kesi. Kwa ubishi wetu tulikuwa tumemweka mama kwenye hatari ya kufungwa. Baba mdogo ndiye aliyetufumbua macho, tukaipeleka polisi pamoja na leseni na risasi zilizobaki. Kwa hiyo kama una baba au babu aliyefariki na ndani kuna bunduki yake, hata kama ni gobole lililoshika kutu, usisubiri kikao cha ukoo. Ipeleke kwanza, mtabishana baadaye.

Mwaka uliofuata niliomba kuimiliki kwa jina langu. Barua ilianzia kijijini, ikapita kata, ikafika kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, ikaendelea juu. Watu walinung'unika kwa niaba yangu kwamba ni usumbufu. Leo naona ile safari ilikuwa na maana, maana kila ofisi iliniuliza swali lile lile: unaitakia nini? Nilijibu kila mahali: kuamia shamba na kulinda familia. Nusu ya jibu ilikuwa kweli.

Nusu nyingine ni kwamba niliipenda. Nilipenda uzito wake begani, harufu ya mafuta yake, na heshima niliyopewa nikipita nayo njiani. Nilipenda kutoka alfajiri kutafuta kanga hata wiki ambayo mboga ilikuwepo nyumbani. Sioni aibu kusema hivyo. Sisi Wanyamwezi bunduki si mgeni kwetu. Ilikuja na misafara ya pembe za ndovu, rugaruga, wapiganaji wa mtemi Mirambo, wakaipa jina, na mtemi Isike wa Unyanyembe alipozidiwa na Wajerumani Januari 1893 aliwasha baruti ndani ya boma lake mwenyewe. Mtoto anayekua na simulizi hizo hawezi kuiona bunduki kama chuma tu. Basi kuipenda si kosa. Kosa langu lilikuwa kuyaita mapenzi yale wajibu, kwa sababu ukishaita kitu wajibu, hakuna wa kukuuliza.

Mke wangu alijaribu kuuliza. Alitaka ufunguo ukae kwake, kama ulivyokaa kwa mama mkwe wake. Nikamwambia hizo ni habari za wazee.

Machi 2003 nililala kwenye dungu, mvua kubwa inanyesha. Kama saa tisa usiku nguruwe waliingia, nikapiga mtutu mmoja, wakatawanyika. Nikarudi nyumbani nimelowa na nimechoka. Kizingitini niliikunja bunduki gizani, nikachomoa ganda tupu, nikaifunga. Risasi ya mtutu wa pili ilibaki. Sikuchungulia, na hapakuwa na macho mengine mawili, kwa sababu nilikuwa nimeyakataa. Kitufe cha usalama kilikuwa kimelegea kwa uzee, na nilijua. Niliiegemeza nyuma ya mlango wa chumbani, nikajiambia nitaisafisha nikiamka.

Tulikuwa tunamlea mtoto wa dada yangu, ana miaka sita. Asubuhi alitumwa kuniamsha nikanywe uji.

Sikusikia mlango. Nilisikia mlio, na chumba kikajaa moshi. Nilipofumbua macho niliona mwanga wa jua unashuka kutoka kwenye bati kwa vitundu vingi vyembamba, kama chujio la chai. Mtoto alikuwa chini, bunduki imemwangukia miguuni, mdomo unatoka damu. Kutoka uani mke wangu alianza kuita majina ya watoto, mmoja mmoja, kuanzia mkubwa. Wa kwanza akaitika. Wa pili akaitika. Wa tatu akaitika. Alipofika jina la nne kukawa kimya. Akaita tena, kimya. Mtoto alikuwa mzima, kitako cha bunduki kilikuwa kimempasua mdomo tu, lakini masikio yalikuwa yamezibwa na mlio na hakusikia jina lake. Mimi niliyekuwa naye hatua mbili sikuweza kufungua kinywa nimwitikie. Kimya kile hakikufika hata nusu dakika. Nimekaa nacho zaidi ya miaka 20.

Majirani walikuja mbio. Niliwaambia imelipuka nikiwa naisafisha. Ulikuwa uongo, na mke wangu aliunyamazia kwa ajili yangu, jambo ambalo nililiomba msamaha miaka mingi baadaye. Vitundu vya bati niliviziba kwa lami. Mtoto alipokua aliuliza zile doa nyeusi ni za nini, nikamwambia mvua ya mawe.

Siku ile ile nilimpa mke wangu ufunguo. Nilichonga sanduku jipya la chuma, nikaliunganisha na ukuta kwa boliti, na risasi zikahamia kwenye kabati lingine lenye kufuli lake. Nikarudia kanuni ya kizingitini, na yeye anachungulia baada yangu hata kama ni saa kumi usiku. Watoto niliwakalisha nikawaonyesha ile bunduki, wakaishika ikiwa tupu mbele yangu, nikawaeleza inachofanya. Kitu kilichofichwa kinamwita mtoto, na mimi nilikuwa nimeificha nyuma ya mlango tu.

Sasa suala la ulinzi, ambalo ndilo mpwa wangu analishikilia. Nataka nimjibu kwa heshima, kwa sababu mtu aliyewahi kuvamiwa haambiwi hofu yake ni ndogo. Lakini fikiria jinsi uvamizi unavyokuja. Unakuja umelala, au umeinama unawasha pikipiki. Bastola iliyofungwa vizuri kwenye sanduku haitakufikia kwa wakati. Iliyo tayari chini ya mto itakufikia, na itawafikia watoto pia kila siku ambayo jambazi hakuja. Na jambazi akijua unayo, unakuwa umemwongezea sababu ya kuja, maana silaha yenyewe ni mali anayoitafuta. Ikiibwa, wewe ndiye wa kwanza kuhojiwa ilikuwa imehifadhiwaje.

Kijijini kwetu kilichotulinda miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe uliposhamiri hakikuwa bunduki ya baba. Kilikuwa mwano, yowe la kuitana. Sungusungu walikuwa na pinde na mishale, na yowe likipigwa kijiji kizima kinatoka. Kwa fedha za biashara, ushauri wangu kwa mpwa ni wa kawaida kabisa: wakulima wanaokubali malipo kwa simu walipwe hivyo, noti zipungue mfukoni, usisafiri usiku peke yako, usitangaze safari kijiweni. Ukishayafanya yote hayo na bado unaona unahitaji silaha, hapo tuzungumze.

Na kama unaitaka kwa mapenzi ya uwindaji, jua kwamba leseni ya bunduki si kibali cha kuwinda. Uwindaji una sheria yake, ile ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na maeneo yanabadilika. Ugalla, ambayo baba yangu aliisimulia kama pori la akiba lenye wawindaji, tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa. Silaha nayo ina sheria ya 2015 iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, na inataka zaidi ya ada na picha za pasipoti. Isome, au msomewe wote wawili.

Kuna jambo moja watu hawapendi kulizungumza, nami nitalisema kwa ufupi. Nyumba yenye bunduki lazima iwe na mtu anayeruhusiwa kusema "leo mimi nina huzuni, iondoeni." Hasara ya tumbaku, ugomvi wa ndoa, msiba, ulevi. Mtu anaweza kupita kwenye giza la siku mbili akatoka salama, mradi katika siku hizo mbili hakuna kitu karibu kinachomaliza kila jambo kwa kidole kimoja. Mwaka niliopoteza mazao yote, mke wangu alihamisha ufunguo kwa mama bila kuniambia. Nilijua baadaye. Nilimshukuru.

Mwaka 2014 tulihamia mjini. Hapa Isevya hakuna nguruwe pori. Bunduki ikawa inakaa sandukuni, naitoa Jumapili kuifuta mafuta na kuirudisha. 2016 Serikali ilipofanya uhakiki wa silaha nchi nzima, niliipeleka ikahakikiwe, na nikiwa kwenye foleni nilijiuliza lile swali la zile ofisi za mwanzo: unaitakia nini? Kazi iliyoihalalisha ilikuwa imebaki Sikonge. Yaliyobaki yalikuwa mapenzi yangu mimi, na ulinzi wake ulikuwa unafanywa na mke wangu. Baada ya wiki chache niliisalimisha. Jirani yetu wa zamani kule shambani bado anayo ya kwake, anaamia nayo, na simshauri aiache. Kwake bado ni jembe.

Haya yote nilimweleza mpwa wangu jioni ile, pamoja na jambo moja ambalo hakuwahi kuambiwa: ni nani aliyetumwa kuniamsha ninywe uji. Alishika mdomo wake pale penye kovu, akakaa kimya muda mrefu. Nilidhani ameghairi. Wapi, wiki iliyofuata alirudi na fomu na barua ya kuanzia mtaani, lakini safari hii alikuja na mkewe, kama nilivyomwomba.

Yule binti alisikiliza, akamgeukia mumewe na kumuuliza kwa upole: "Baba Salma, ukiwa Kaliua siku tano, ufunguo utakuwa na nani? Na Salma akiniuliza ndani ya sanduku mna nini, nimwambieje?"

Fomu bado iko kwenye droo yangu. Wamesema wakiwa na majibu watakuja kuichukua wote wawili.