Utepe wa kijani, miguu imevimba

SWALI: Sisi ni wahudumu wa afya ya jamii. Katika kampeni nilimpima mtoto wa miaka miwili mzingo wa mkono, kwa utepe wa rangi wa kupima utapiamlo, nikapata sentimita 13, kijani. Mwenzangu akapata 12.3, njano. Mama naye anasema miguu imevimba. Tushike lipi?

JIBU: Miguu kwanza. Bonyezeni kwa dole gumba upande wa juu wa kila wayo kwa sekunde 3, kisha achieni. Vishimo vikibaki miguu yote miwili, chukulieni kuwa ni utapiamlo mkali, hata utepe ukisoma kijani. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, asisubiri duru ijayo ya kampeni.

Tofauti yenu ya milimita 7 ni kubwa mno, mmoja amekosea. Mara nyingi kosa ni kukisia katikati ya mkono kwa macho. Vueni nguo mkono wa kushoto, kunjeni kiwiko, pimeni toka ncha ya bega hadi ncha ya kiwiko, wekeni alama katikati. Kisha mkono uning'inie umelegea, ndipo mzungushe utepe. Ngozi ikijikunja pembeni mwa utepe, mmekaza, na namba itashuka. Mwanga ukipenya chini yake, umelegea, na namba itapanda. Mtoto akilia amekaza misuli, mbembelezeni kwanza.

Kwa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu. Kuanzia hapo hadi kabla ya 12.5 ni njano. Andikeni namba, si rangi tu.