Acheni kumuuliza mteja anapiga yadi ngapi

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kupima wateja na kurekebisha fimbo za gofu, iwe mmetoka kwenye ukedi (kubeba mifuko ya wachezaji) au mmeletwa na binamu, leo tugombane kidogo. Jumamosi nilikuwa nimekaa nyuma ya reinji, uwanja wa mazoezi, nikamsikia mmoja wenu: "Bosi, kwa draiva (fimbo ya kupiga mbali) unapiga ngapi?" Bosi akajibu bila kupepesa macho, "Mia mbili sabini. Siku mbaya, sitini." Na kijana wetu akaandika! Akaandika kwenye daftari, akapiga na mstari chini. Kufumba na kufumbua mteja kashikishwa shafti ya stifu (mti mgumu wa fimbo) na kichwa cha digrii 9 (uso karibu wima, hauinui mpira sana), na wote wawili wanachekelea.

Fundi cherehani hakuulizi kiuno chako ni inchi ngapi. Anakuzungushia futi kamba, na hapo ndipo anapojua ubwabwa wa sikukuu umekaa wapi. Sasa sisi nani katuambia kipimo kinatoka mdomoni?

1. Kuna yadi za hewani na yadi za hadithi. Mteja anaposema 270 hakudanganyi kwa makusudi. Anaukumbuka ule mpira mmoja wa kiangazi, feawei (njia ya nyasi fupi) kavu, kusi linamsukuma mgongoni, mpira ukagonga mahali pagumu ukakimbia mpaka kedi akachoka kuufuata. Mingine yote ya siku hiyo ameisahau, na ndiyo inayompa alama. Sisi tunataka keri, pale mpira ulipodondokea. Masika yakiingia na nyasi zikalowa, keri ndiyo pekee inayobaki.

Mkitaka namba ya kuanzia, ipo. Mfumo wa Dunia wa Handikapu (handikapu ni mapigo anayopunguziwa mchezaji ili alingane na walio bora), unapokadiria ugumu wa uwanja, unamhesabia mwanaume skrachi, mwenye handikapu sifuri, kuwa mpira wake wa tii (pale pa kuanzia shimo) unafika yadi 250. Skrachi, nasema! Yule wa bogi, mwenye handikapu ya 20 hivi, anahesabiwa 200. Kwa wanawake ni 210 na 150. Hapo na kukimbia kwa mpira kumo. Wale wa PGA Tour, mashindano ya wachezaji wa kulipwa ya Marekani, wanaokaribia wastani wa 300 wanazungusha kichwa cha draiva kwa maili 115 hivi kwa saa. Mteja wetu wa kawaida akifika 85 na akaupata mpira katikati ya uso, keri yake ni kama 190, na hapo amepiga vizuri sana. Sasa mtu wa handikapu 22 akikwambia 270, wewe tabasamu, sema "sawa bosi," halafu toa leza ya kupimia umbali.

Halafu wapo wanaotoka Arusha au Nairobi. Hao namba zao zinaweza kuwa za kweli kabisa, ila ni za kwao. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, Nairobi karibu 1,700, na hewa ya huko ni nyepesi. Mtu wa 230 Arusha akishuka hapa Dar anapoteza yadi kumi na kitu bila kukosea chochote. Msimuuzie draiva mpya kwa ajili hiyo. Mwambieni ni Dar. Na tafadhali acheni kuwaambia watu kwamba mpira haufiki kwa sababu hewa ya pwani ina unyevu. Hewa yenye unyevu ni nyepesi kidogo kuliko kavu. Kinachotubana ni kuwa usawa wa bahari, basi.

2. Heshima isikuzuie kupima. Hapa nikae kidogo, maana hili lilinitokea mimi, na wanaonijua wanajua kwa nini kuna mzee uwanjani ananiita "Mia Mbili Hamsini" mbele ya watu.

Alikuja kwangu nikiwa mpya kama nyinyi. Mstaafu, mtu wa watu, shati limepigwa pasi hata kwa mazoezi ya jioni. Shikamoo mzee, marahaba kijana, nasikia siku hizi unapima. Mkononi ana draiva ya zamani ya digrii 12, shafti ya regula (ugumu wa kati), gripu, ule mpira wa kushikia, imelika. Akasema wenzake wote wamebadilisha, na yeye anataka kitu cha kisasa. Nikauliza lile swali. Akajibu mia mbili hamsini.

Ningekuwa nimemwamini, ningejisamehe mapema. Sikumwamini. Nilikuwa nimeshamwona akipiga: swingi (mzungusho wa fimbo) fupi, taratibu, tamu kuitazama, na mpira unaondoka kwa adabu. Nilijua kabisa kwamba 250 haipo pale. Lakini kumwambia mtu wa rika la baba yangu "mzee, hapana" mdomo ukawa mzito. Halafu, niseme yote, kwenye raki yangu kulikuwa na draiva ya digrii 9, shafti ya stifu, niliyoinunua kwa mgeni aliyekuwa anahama, na ilikuwa imenikalia muda. Heshima na njaa vikakaa upande mmoja. Nikasema, "Mzee, hii ndiyo yako." Hakupiga hata mpira mmoja mbele ya leza. Alilipa taslimu, akaongeza ya soda. Ile ya zamani nikaichukua kama sehemu ya malipo, nikamuuzia kijana mmoja mwenye mikono ya haraka, ambaye mpira wake ulikuwa unapanda juu mpaka unasahau kwenda mbele. Mkono mmoja, wateja wawili nimewaharibia.

Mzee hakurudi kulalamika, na ndiyo iliyoniuma baadaye. Mpira ulikuwa unatoka chini-chini, unakwenda kulia, unakufa. Mtu mwingine angenitafuta na kunikaba koo. Yeye aliamua tatizo ni umri. Alilipia masomo kwa pro, mwalimu wa gofu, akaambiwa azungushe nyonga zaidi. Akazungusha, mgongo ukamshika, akanunua mkanda wa kiuno. Akaacha kucheza na kundi lake la asubuhi, akawa anakuja jioni peke yake na kedi. Mimi niliyapata haya kwa huyo kedi, tena kwa mzaha: "Fundi, draiva yako ile mzee haitoi hata soksi siku hizi."

Nilimfuata reinji. Nikamuuliza kuhusu ile draiva. Akanijibu kwa upole: "Kijana, fimbo yako ni nzuri sana. Mwili ndio umekwisha." Hapo nilitamani ardhi ipasuke.

Nikamwomba apige, safari hii kwa kazi. Nilipaka uso wa draiva wino wa maka peni ya ubao mweupe, nikampa mipira, nikasimama na leza. Alama zote zilikaa upande wa kisigino, karibu na shafti. Keri, mia na sitini na kitu. Nikatafuta kichwa cha digrii 12, nikatia shafti laini ya sinia (ya wazee), nikaikata kidogo ili aweze kuifikisha katikati, nikarudi naye. Alama zikasogea katikati, mpira ukapanda, ukabeba mia na themanini na tano. Akasimama anautazama.

"Hiyo ngapi?"

"Mia na themanini na tano, mzee. Ya hewani."

"Na ile mia mbili hamsini?"

"Mzee, ile haikuwahi kuwepo."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza kwa nini sikumwambia siku ile ile. Sikuwa na jibu la kumpa. Fedha nilimrudishia kwa awamu, na jina nililopewa nimebaki nalo mpaka leo.

Kwa hiyo mkiniona nafoka juu ya daftari, mjue natoka wapi. Mteja anayepewa fimbo isiyo yake mara nyingi hailaumu fimbo. Anajilaumu mwenyewe, na wewe huwezi kujua kwa sababu hasemi.

3. Gripu kwanza, maana ni rahisi na hakuna anayeijali. Akishika, ncha za vidole vya mkono wa juu ziguse kiganja kidogo tu. Vikichimba, gripu ni nyembamba. Visipofika, ni nene.

4. Herufi kwenye shafti zisiwatishe. Hakuna sheria inayozilazimisha kampuni zote ziwe na stifu moja. Regula ya huyu inaweza kuwa ngumu kuliko stifu ya yule, hivyo mteja apige, asisome.

5. Lai, yaani jinsi kichwa cha fimbo kinavyokaa chini. Chora mstari kwa maka peni kwenye mpira, uusimamishe wima ukielekea uso wa aini (fimbo ya kichwa cha chuma), apige, tazama alama. Imesimama, lai iko sawa. Imelala, kuna kazi. Kidole cha aini (ncha ya mbele ya kichwa) kikiwa juu wakati wa kugonga, mpira wa mpigaji wa kulia unakwenda kushoto, na utamsikia anasema "mimi nina huku tu," yaani mpira wa kupinda kushoto, wakati hiyo huku ni ya fimbo. Ila kabla hujapinda chochote, uliza kama ni aini ya kufuliwa au ya kumiminwa kwenye kalibu. Ya kufuliwa inapindika vizuri. Ya kumiminwa inaweza kukuvunjikia mkononi, na hapo utajua bei ya aini moja isiyouzwa peke yake.

6. Kukata. Ukiondoa nusu inchi juu, umeondoa kama pointi tatu za swingi-weiti (uzito wa kichwa unavyosikika mkononi), na shafti nayo inakazana. Ndiyo maana seti ya baba iliyokatwa kwa msumeno haiwi ya mtoto, inakuwa ya baba mfupi. Mtoto wa miaka tisa aliletwa juzi na aini za namna hiyo, nzito, zinamvuta mabega, na baba yake anamkazia, "Zungusha!" Nilimpa mtoto aini moja ya watoto aliyoiacha mwanafunzi mwingine, akapiga mipira mitatu mfululizo hewani, halafu akakataa kuirudisha. Baba alinunua chai kwa wote.

7. Akina mama. Usikimbilie raki ya seti za kike kwa sababu umeona sketi. Dada mmoja hapa mjini ana kasi kuliko nusu ya makapteni wa mashindano ya mwisho wa mwezi, na kila fundi mpya anamletea shafti ya L, ile laini ya kike. Anapiga moja, anakurudishia, anakutazama. Mpime. Na kinyume chake pia: mwanaume anayehitaji sinia apewe sinia. Neno hilo likimchoma, funika maandishi kwa stika. Nimefanya hivyo na mtu akashinda nayo neti (alama baada ya kutoa handikapu).

8. Gundi ya epoksi ilale usiku kucha. Mteja anayetaka kuondoka nayo saa hiyo mpe maji, mpe kiti, mnyime fimbo. Kichwa cha draiva kikichomoka kikaelekea watu waliokaa barazani, hakuna atakayemuuliza mteja.

Linabaki lile mnalolalamikia kila siku: nikimwambia ukweli atakasirika, ataenda kwa mwingine. Wengine wataenda, ndiyo. Usimwambie lakini, mtembeze. Mpeleke feawei tambarare asubuhi upepo haujaamka, apige mipira kadhaa, kedi asimame kule kuweka alama ya kila ulipodondoka kabla haujakimbia. Kisha mteja atembee mwenyewe na leza yake mpaka kwenye alama zinapokaa kwa wingi. Ile moja iliyoenda mbali mbele yake mwachie aifurahie. Utamwona anasimama, anageuka kuitazama tii, anapima mara ya pili, anapangusa kioo cha leza, anapima tena. Usiseme kitu. Akirudi atakuuliza mwenyewe, "Sasa fundi, hii mia na tisini tunaifanyaje?" Hapo ndipo unafungua daftari.