Barua kwa mwanangu: sikio la dereva

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliupata Jumapili nikitoka kanisani, nikausoma mara mbili nikiwa bado langoni. Umeuliza habari za Lewis Hamilton, yule dereva wa langalanga (Formula 1): "Mama, Hamilton amekwisha, ama ni Ferrari wamemharibu?" Kisha ukaongeza kwamba mmebishana kazini na umewaahidi wenzako jibu la mama. Basi watasubiri kidogo, maana nimejaribu kujibu kwa simu nikaona maneno hayaenei.

Nianze na unayoyajua. Hamilton aliingia timu ya Mercedes mwaka 2013, na miaka yote hiyo sauti iliyokuwa sikioni mwake kwa redio ni ya mhandisi wake, Peter Bonnington, yule wanayemwita Bono. Mataji sita kati ya saba aliyonayo aliyapata akiisikiliza sauti hiyo. Mwaka 2025 akahamia Ferrari, Bono akabaki. Kule Italia akamkuta Riccardo Adami, mhandisi mwenye uzoefu, aliyekuwa amewahudumia madereva Vettel na Sainz. Wakashinda zile mbio fupi za Shanghai, zinazokimbiwa siku moja kabla ya mbio kamili, mwezi wa Machi, nikapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Baada ya hapo, msimu mzima, hakupanda jukwaani hata mara moja katika mbio kamili, jambo ambalo halikuwahi kumpata tangu aanze langalanga mwaka 2007.

Lakini mimi sikuwa naangalia jukwaa. Nilikuwa nasikiliza redio. Unakumbuka Miami? Anawangoja waamue kama Leclerc, dereva mwenzake wa Ferrari, ampishe au asimpishe, wao wanajadiliana, mpaka akawaambia kama wanakawia hivyo basi wanywe na chai kabisa. Wewe ulicheka. Mimi roho iliniuma, kwa sababu nimekuwa nikikuambia tangu ukiwa mdogo: dereva huendesha kwa masikio. Macho yanamwonyesha kona hii. Kona inayofuata ataijua kwa kuambiwa, na asipomwamini anayemwambia, mguu unaiacha petroli kabla hajaamua kuuondoa.

Nadhani unajua ninaelekea wapi. Kwa ile ralli yetu ya Nakuru, wewe ukiwa darasa la tatu.

Habari yake unaijua kwa jinsi baba yako anavyoisimulia, na yeye huisimulia kwa ufupi. Ukweli ni kwamba hakuambiwa na dereva mwenyewe. Miaka minne wamekaa pamoja ndani ya gari lile, baba yako akimsomea barabara, na habari ya kwamba sasa kuna mwelekezi mwingine kutoka Nairobi ililetwa na fundi aliyekuja kuchukua jeki. Fundi akasimama pale mlangoni, akasema mfadhili ndiye ametaka hivyo, akaomba na daftari. Nilimwambia baba yako asilitoe. Daftari lile aliliandika kwa mkono wake, barabara yote kutoka Njoro mpaka Mau Narok, usiku kwa usiku, mimi nikiwa namshikia tochi juu ya meza. Hakunijibu. Alilifunga kwa mpira akampa.

Siku ya mbio nilikwenda Njoro kwenye kituo cha sevisi na chupa ya chai na mandazi kama kawaida. Nilikwenda kwa sababu mafundi walikuwa watoto wetu wote, na kwa sababu sikutaka mtu aseme tumenuna. Magari yakashuka kutoka Mau Narok, moja, jingine, la tatu, letu halionekani. Kisha mtu mwenye redio akasema liko mtaroni, gurudumu la mbele limevunjika, wenyewe wazima.

Nilifurahi, mwanangu. Sijawahi kukuambia hili. Kabla sijamshukuru Mungu kwamba wazima, nilifurahi kwamba liko mtaroni. Nilimwaga chai iliyobaki nikarudi nyumbani kwa matatu, na njia nzima nilikuwa nikisema moyoni, sasa wameona.

Baba yako yeye alipopata habari alichukua kamba na Land Rover ya mjomba wako akaenda kulivuta.

Jioni wakaja wote nyumbani, dereva na yule mwelekezi mgeni, matope mpaka magotini. Kumbe mahali pale baba yako alikuwa ameandika "mt", yaani mtaro. Kijana akasoma mti. Akadhani ni mti wa kutambulia mahali, jambo la kujua tu, asimwambie dereva chochote. Dereva hakugusa breki. Herufi mbili! Baba yako akavuta kiti, akaketi na kijana yule, akamfafanulia daftari lote, alama baada ya alama, mpaka saa saba usiku. Mimi nilikuwa jikoni nikigonga sufuria kwa makusudi ili wajue niko macho.

Ralli iliyofuata walimaliza wa tatu. Na kijana yule yule.

Hapo ndipo swali lako linanisumbua. Ninaposema dereva huendesha kwa masikio, huwa naishia kwenye mtaro. Huwa siendelei mpaka kwenye ile nafasi ya tatu. Sikio jipya linafundishika, ila lazima aliyekuwepo akubali kuketi mezani. Nani aliketi na Adami? Bono ni mtu wa Mercedes, hawezi kumpa mpinzani daftari lake, na hata mimi nisingemtaka afanye hivyo.

Halafu nikijibishana na nafsi yangu, namkumbuka Ogier, dereva wa ralli. Alishinda Safari Rally 2021 pale Naivasha akiwa na mwelekezi wake Julien Ingrassia, mtu aliyepata naye mataji yote manane, kwa magari ya kampuni tatu tofauti. Mwisho wa mwaka ule Ingrassia akastaafu. Nilikuambia wewe mwenyewe, Ogier basi. Tukaenda kuitazama Safari tena Elmenteita 2023, vumbi lile likatumeza mimi na wewe, na Ogier akashinda tena, sekunde 6.7 mbele ya Rovanperä, akisomewa na Vincent Landais. Mwaka 2025 wawili hao wakatwaa ubingwa wa dunia, wa tisa kwa Ogier. Hapo nilikosea, nakiri. Lakini angalia: Ingrassia aliondoka kwa hiari yake, wakaagana vizuri. Sijui kama hilo ni jibu au ni mimi ninayetafuta pa kujificha.

Na Red Bull, timu nyingine ya langalanga? Julai 2025 walimfuta kazi Christian Horner, bosi wa miaka ishirini, wakamleta Laurent Mekies. Kila mtu akasema nyumba imeanguka. Dereva wao Verstappen alikuwa ameshinda mbio mbili tu mpaka wakati huo. Baada ya hapo akashinda sita, akaukosa ubingwa kwa alama mbili tu nyuma ya Norris wa McLaren. Wenzako watasema ni kwa sababu bosi alibadilishwa. Mimi nasema tazama ambaye hakubadilishwa: mhandisi wake Gianpiero Lambiase alikuwa pale pale redioni, wakigombana kama mume na mke, na kusikilizana. Bosi yuko ofisini. Aliye sikioni ndiye anayeingia naye kwenye kona. Lakini upande wa pili wa gereji ile ile walimtoa dereva wa pili, Lawson, baada ya mbio mbili, wakamweka Tsunoda, na Tsunoda naye akahangaika vile vile. Kubadilisha watu kama kubadilisha tairi kunanichukiza, sitaficha.

Baba yako, ambaye anasoma begani mwangu, anasema niandike kwamba gari lenyewe la Ferrari lilikuwa bovu. Anasema Leclerc yuko pale tangu 2019, anawajua wote kwa majina, na yeye pia hakushinda hata mbio moja mwaka 2025. Hiyo ni kweli. Ila Leclerc alipanda jukwaani mara kadhaa kwa gari hilo hilo. Hapo baba yako amenyamaza.

Kuna jambo moja analolipenda sana nami nimeanza kulipenda. Jean Todt, aliyeichukua Ferrari mwaka 1993 ikiwa hoi, alikuwa mwelekezi wa ralli kabla ya kuwa bosi. Alikuwa msoma daftari, kama baba yako. Dereva Schumacher akaja 1996, wakafuata wahandisi Ross Brawn na Rory Byrne kutoka timu yake ya zamani, Benetton, yaani alifuatwa na watu waliokuwa wakimjua. Hata hivyo ubingwa wa dereva ulikuja 2000, miaka ishirini na mmoja baada ya ule wa Jody Scheckter, bingwa wa Ferrari aliyetangulia. Todt hakumfukuza mtu kila walipokosa. Alikaa nao. Hamilton alikwenda na nani? Alikwenda na kofia yake.

Sasa wewe unataka niseme amekwisha au hajakwisha. Kusema kweli jibu ninalo kwenye ulimi, na ungekuwa hapa ungelisoma usoni. Lakini nilishasema "basi" kwa Ogier, na nilishafurahia mtaro. Waambie wenzako mama hajaamua.

Juzi niliingia kwenye droo ya kabati la vyombo nikalitoa lile daftari, lile la mpira, ili nikuandikie vizuri. Baba yako kwa miaka yote hii anashikilia kwamba aliandika wazi na kijana ndiye hakusoma. Nimeufungua ukurasa wenyewe mchana, dirishani, nimevaa miwani. Baada ya "t" kuna kijistari cha wino, kalamu iliteleza. Inasomeka mti. Sijamwambia bado.

Mama yako