Uvimbe wa tezi ya shingo: usiikwepe sindano kwa kukimbilia CT

Dada, pole kwa hofu uliyo nayo. Umeuliza kama unaweza kuiacha sindano ya kuchukua chembe za uvimbe uende moja kwa moja CT (picha ya eksirei ya kompyuta), kwa kuwa ultrasaundi imeona uvimbe kwenye thairoidi, yaani hiyo tezi ya shingo, na unataka kipimo kikubwa kikuambie ni saratani au siyo. Nami nilifanya hivyohivyo, na ninajuta.

Uvimbe wangu niliuona kwenye kioo, ukipanda na kushuka nikimeza mate. Nikaogopa kuchomwa shingoni, nikamng'ang'ania daktari aniandikie CT. Majibu yakaja: uvimbe wa sentimita 2.8 upande wa kulia, basi. Kama ni saratani hayakusema, wala yasingeweza kusema, maana ndani ya tezi hiyo uvimbe mbaya na usio na madhara hufanana sana kwenye CT. Ultrasaundi ndiyo iliyoona kingo zisizo sawa na vichembe vidogo vya kalsiamu, na hivyo ndivyo vilivyomshtua daktari. Sindano ikathibitisha: papilari, aina inayoongoza kwa wingi kati ya saratani za thairoidi. Na sindano yenyewe ni nyembamba, kazi ya dakika chache. Wiki tano nilizopoteza kwa kuikwepa zinaniuma mpaka leo.

Lakini CT usiidharau. Baada ya majibu hayo, daktari wa upasuaji aliagiza nyingine, safari hii ya kuchomwa dawa mshipani. Mawimbi ya ultrasaundi hayapenyi mfupa wala hewa, kwa hiyo nyuma ya mfupa wa kidari hayaoni. CT ilionyesha tezi mbili za limfu zilizovimba huko chini, na kwamba bomba la hewa lilikuwa limesukumwa pembeni bila kuingiliwa. Upasuaji ukapangwa upya kabla sijalala mezani. Kwa hiyo ukiwa na sauti inayokwaruza, chakula kikikwama, au uvimbe ukizama kifuani, CT ina kazi kubwa.

Ile dawa ya mshipani ina iodini nyingi. Mwili unapata joto ghafla, mdomoni unasikia ladha kama ya chuma, kisha inaisha. Sema mapema kama una tatizo la figo, mzio au unatumia metiformini, dawa ya kisukari. Tena, iodini hiyo hushibisha seli za thairoidi, hivyo tiba ya iodini ya mionzi, inayoua seli za saratani zilizobaki, huahirishwa; mimi nilisubiri kama miezi miwili. Usiikatae CT hiyo kwa sababu hii, kama daktari wa upasuaji anahitaji kujua ugonjwa umefika wapi.

Hujataja majibu ya TSH, kipimo cha damu cha homoni inayoiamuru thairoidi kufanya kazi. Yaangalie leo. Ikiwa iko chini ya kawaida, mwambie daktari kabla ya sindano na kabla ya dawa yoyote yenye iodini: huenda tezi inafanya kazi kupita kiasi, iodini ikaichochea zaidi, na kipimo cha kufuata kikawa picha ya nyuklia ya tezi yenyewe.