Ufa kwenye chesisi: pima urefu kwanza, kuchomelea baadae

Mi nashinda kwenye gereji za malori, na ufa ukionekana kwenye chesisi, yaani ile fremu ya chuma inayobeba lori zima, swali la kila siku ni lile lile, "fundi, na huu ufa tutafika?" Mtu anaangalia ulivo mwembamba anasema haina shida, kumbe upana sio ishu kabisa, ishu ni urefu na mzigo.

Iko hivi. Chuma kikibebeshwa mzigo kinajikunja kidogo na kutunza nishati ndani yake, sasa ufa ukisogea mbele sehemu ya ile nishati inaachiwa, ila na kuachanisha chuma nako kunakula nishati, kwahiyo inayoachiwa ikifikia ile inayoliwa basi ufa unakimbia wenyewe. Hesabu hii aliileta Griffith, Muingereza, miaka ya 1920 akivunja vioo, alafu watafiti wengine, kina Irwin na Orowan, wakaonyesha kwamba kwenye chuma, kinachokula nishati nyingi ni kule kuvutika kwa ncha ya ufa. Ndo maana kioo kinapasuka pwaa na chuma laini kinavumilia.

Shika hili: nishati inayoachiwa inapanda na urefu wa ufa, na inapanda na mkazo (nguvu ya mzigo kwa kila eneo la chuma) ukiuzidisha kwa wenyewe. Ukiongeza mkazo asilimia 20 tu, nishati inaongezeka asilimia 44! Na ufa ukirefuka mara nne, mkazo wa kuvunja unashuka nusu. Baridi nayo inapunguza uvumilivu wa chuma, mfano meli ya mafuta Schenectady ilikatika katikati Januari 1943 huko Portland, Marekani, ikiwa imefungwa gatini na maji yametulia.

Kwahiyo ndugu yangu, kwangua kutu na rangi, paka ile dawa nyekundu ya kutafutia nyufa, iache ipenye, futa, puliza ile nyeupe, utaona mstari mwekundu unajichora na mara nyingi unapita pale jicho lilipoishia. Hapo ndo ncha, piga panchi (ile pini ya chuma ya kuweka alama ya nukta) na uandike tarehe. Kuziba bamba juu na ufa uko chini mi sikubali hata kidogo, ufa unaendelea kukua kila safari na huuoni tena. Toboa tundu kwenye ncha, saga ufa wote utoke, ndo uchomelee. Na usinunue bamba kwa kuangalia ugumu peke yake, vyuma vigumu sana vingi havivumilii ufa.

Kama bado hujarekebisha na ufa umeshapita alama ya panchi, shusha mzigo hapo hapo.